Nyota za Magamba ya Sangara

Baba aliletwa kwangu mwezi wa Agosti, amekaa kiti cha mbele cha gari la kaka yangu, amevaa koti la suti na kandambili. Kichochoro cha kuingilia kwetu Buhongwa hakipitishi gari, kwa hiyo kaka alisimama barabarani akanipigia simu nitoke. Nilipofika alikuwa ameshashusha begi, chandarua na mfuko wa dawa. Gari lilikuwa bado linaunguruma.

"Daktari anasema asikae peke yake," kaka alisema. "Mimi na wifi yako tuko Dodoma, na kazi zetu unazijua. Wewe uko hapa hapa."

Niliinama dirishani nikamsalimia mzee. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Hamjambo hapa?"

Aliitikia kwa sauti ile aliyokuwa akiwaitikia wazazi wa wanafunzi wake, ya upole na ya mbali. Hakunijua. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, hata kwa matusi, lakini hilo sikuwa nimeliwaza.

Baba alikuwa mkuu wa shule ya sekondari na mzee wa kanisa. Alitoka Kagera akiwa kijana, akafundisha Mwanza mpaka akastaafu, na nyumba yake akaijenga Nyegezi. Tulizaliwa wawili tu, kaka na mimi. Mimi alinisomesha mpaka chuo kikuu, na nilipomaliza nilimletea mchumba ambaye hakumtaka. Mchumba alikuwa Msukuma wa Magu, mtoto wa wafugaji, mkata minofu katika kiwanda cha samaki. Alikuja na wajomba zake wawili, wazee wenye fimbo na makoti yaliyopigwa pasi vizuri. Baba aliwaacha wamesimama barazani. Hakuwapa viti. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sikumsomesha binti yangu ili akafue nguo za mnuka samaki."

Wale wazee walivaa kofia zao, wakaaga, wakaondoka. Mimi niliondoka wiki iliyofuata. Baba alinisindikiza mpaka getini, akafungua, akasema, "Ukishatoka hapa, usirudi."

Kutoka Buhongwa hadi Nyegezi si safari. Ni barabara moja tu. Lakini kwa miaka yote ile sikulikanyaga geti lile, na yeye hakuja kwangu. Mama ndiye aliyekuwa akinitafuta kwa siri. Tulikutana kwenye stendi ya mabasi ya Nyegezi, kwenye mabenchi ya abiria, kana kwamba mmoja wetu anasafiri. Aliniletea ndizi, kahawa ya kutafuna na senene wa kukaanga msimu wake ukifika. Mtoto wangu alipozaliwa, alimpakata pale pale kwenye benchi huku wapiga debe wakituuliza tunaenda wapi.

Kisha Mama alifariki. Walikuwa wamekwenda Kagera kwa ajili ya mavuno ya kahawa, akaugua huko huko. Kaka alinipigia simu siku chache baada ya mazishi. "Mambo yalikwenda haraka," aliniambia. Nililia, nikamlaani Baba moyoni, nikadhani nimeshaujua mwisho wa ubaya wake.

Basi huyo ndiye mzee aliyeshuka garini siku ile. Mume wangu alirudi kazini jioni akamkuta amekaa kwenye kochi letu. Nilimfuata uani nikamwambia kwamba akisema hapana, nitamwelewa.

"Ni mzee wako," alisema. "Atalala chumba cha mtoto."

Wiki ya kwanza Baba alijichafua. Nilisimama mlangoni na beseni mkononi, nikashindwa kuingia. Mume wangu akanipokea lile beseni.

"Mkwe haogeshwi na mkwe," nilimwambia. Kwao ni mwiko na kwetu ni mwiko.

"Yeye hajui kama mimi ni mkwe," alijibu, akaingia, akafunga mlango. Nilisikia maji yakimwagika na Baba akimshukuru. Tangu siku hiyo ikawa kazi yake. Asubuhi kabla ya kwenda kiwandani, na jioni akirudi. Baba alimwita "kijana". Mimi aliniita "dada", kama watu wanavyomwita msichana wa kazi. "Dada, maji ya kunywa." "Dada, hapa kuna ndizi?" Aliyeitwa vizuri ni binti yangu tu, aliyekuwa darasa la tatu. Huyo Baba alimwita "mwanangu", na wakapendana.

Nilikuwa nawaangalia na roho inaniuma. Mtoto ambaye hakutaka hata kusikia amezaliwa, sasa ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Baba naye alimfundisha kusoma saa ya mishale. Alimsahihisha herufi. Binti yangu akitoka shuleni alikuwa akipita kwangu na "shikamoo" ya haraka ili amwahi Babu yake.

Desemba ilipoingia, mtoto alianza kuulizia mti wa Krismasi. Wenzake walikuwa wameshapamba. Alikuwa ameona mjini miti ya plastiki yenye taa zinazowaka na kuzimika, na mipira ya rangi inayong'aa. Nilimwambia kwamba sisi hatununui, tutatengeneza.

"Tutatengeneza na nini?"

"Na magamba ya samaki."

Alinikunjia uso. "Yananuka."

Nilikuwa nimejifunza kwa mwalimu mwenzangu katika shule ninayofundisha. Magamba ya sangara ni makubwa, mengine yanafika upana wa kidole gumba, na ukiyasafisha vizuri hubaki kama kioo chembamba. Mume wangu aliyaomba kwa akina mama wanaoparua samaki mwaloni Kirumba, mitumbwi inakoshusha. Walicheka wakamjazia mfuko, maana kwao ni takataka. Tuliyaloweka kwa chumvi na ndimu, tukayasugua kwa sabuni ya unga, tukabadilisha maji, tukayaloweka tena. Siku ya kwanza nyumba nzima ilinuka ziwa. Siku ya tatu yalikuwa yametakata. Tuliyagawa mafungu. Fungu moja tukalichemsha na maua makavu ya choya, likatoka jekundu. Jingine tukalitia manjano ya kupikia. Lililobaki tukaliacha jeupe. Kisha tukayaanika kivulini kwenye ungo, kwa sababu jua huyakunja.

Mti wenyewe ulikuwa tawi la ule mti wenye majani kama sindano ambao kila mtu hapa anauita mkrismasi. Jirani alikuwa anapunguza matawi yake, akatupa moja. Tulilisimamisha kwenye ndoo ya rangi iliyojaa kokoto, tukalizungushia kanga iliyochakaa ili ndoo isionekane.

Siku hizo Baba alikuwa na tabia ya kufumua nguo. Mikono yake haikutulia. Ungemkuta amefumua kola ya shati, pindo la shuka, soksi. Nilichoka kushona. Nilipomwona mchana mmoja ameanza kulifumua pazia, nilimwekea ungo mapajani nikamwambia, "Baba, nisaidie kutenga makubwa na madogo."

Alitenga mpaka jua likashuka. Hakuinua kichwa. Kesho yake nikampa sindano butu na uzi wa nailoni, nikamwonyesha namna ya kutoboa gamba upande mwembamba na kupanga matano yawe ua. Mara moja tu. Maua yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Alikuwa akiyainua kwenye mwanga wa dirisha, akiyageuza, akiyapuliza vumbi.

Nilitaka kufurahi. Badala yake nilikuwa nikiitazama mikono ile na kuwaza wajomba wa mume wangu barazani kwake. Mume wangu aliporudi akamkuta na magamba yamemganda kwenye vidole, Baba alimwambia kwa furaha, "Kijana, njoo uone kazi hii."

"Nzuri sana, mzee," mume wangu alisema. Aliniangalia, nikaangalia pembeni.

Baada ya magamba, Baba aliomba magome ya mgomba. Alisema kwa namna ya mtu anayeomba kifaa chake cha kazi. Binti yangu akaenda kwa jirani mwenye migomba akachuna yale makavu. Baba aliyalowesha kidogo, akayachana vipande virefu vyembamba, akaanza kukunja na kupitisha juu na chini. Ikatoka nyota yenye pembe sita.

Niliijua nyota ile. Mama ndiye aliyekuwa akitutengenezea Nyegezi, akikata vipande mimi nikikunja, kila Desemba tangu nikiwa mdogo. Baba alikuwa akisoma gazeti pembeni. Sikujua kama alikuwa akitazama.

Siku hiyo nilikuwa kibarazani nachambua mchele. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Wao walikuwa ndani kwenye mkeka, nikiwasikia vizuri.

"Babu, nyota hii alikufundisha nani?" binti yangu aliuliza.

"Hii alikuwa anaitengeneza mke wangu na binti yangu. Walikuwa wanakaa sebuleni wananichafulia zulia."

"Binti yako yuko wapi?"

"Alikufa."

"Alikufa na nini?"

"Alizama ziwani. Alipanda mtumbwi, upepo ukaja, ukapinduka. Hatukumpata."

"Pole, Babu."

"Asante, mwanangu. Shika hapa. Kaza, isilegee."

Nilibaki na ungo mkononi. Baba hakuwa na binti mwingine. Mimi sijawahi kupanda mtumbwi uliopinduka. Nilijiambia kwamba ni ugonjwa, kwamba kichwa chake kinachanganya habari za watu wengine na zake. Ziwa hili limeshachukua watoto wa watu wengi, huenda alikuwa anakumbuka msiba wa mwanafunzi. Lakini alivyolisema lile neno "hatukumpata" halikuwa neno la mtu aliyechanganyikiwa. Lilikuwa limeshasemwa mara nyingi, limelainika.

Kesho yake nikakaa karibu naye, nikachukua magome nami nikaanza kukunja. Binti yangu alikuwa ametumwa dukani.

"Huyo binti yako aliyezama," nilisema, "alikuwa mtu wa namna gani?"

Alifikiri. "Mkaidi. Ana akili, lakini mkaidi."

"Ulimlilia?"

"Mama yake ndiye aliyelia."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa na kazi."

"Kazi gani, Baba?"

"Ya kuwaambia watu," alisema, akanyoosha mkono achukue magome mengine.

Nilimweleza mume wangu. Alinisikiliza, akasema mgonjwa asibebeshwe maneno yake, kesho atasema ni yeye aliyezama. Nilikubali, au nilijitahidi kukubali. Tulipamba mti. Vizibo vya soda tulivipondaponda kwa jiwe, tukavitoboa kwa msumari, tukavifunika na karatasi za kung'aa za biskuti. Maganda ya mayai tuliyatoa ute kwa kupuliza, mtoto akayachora nyuso. Magamba mekundu, ya manjano na meupe yalining'inia kila tawi, na upepo ukiingia dirishani yalikuwa yakigongana kwa sauti nyembamba. Nyota za Baba tuliziweka juu. Ulikuwa mti mzuri. Majirani walikuja kuuona na watoto wao.

Kaka na wifi walifika siku ya Krismasi yenyewe, baada ya ibada. Walileta sanduku la mipira ya dukani na waya wa taa. Wifi alipouona mti wetu aliliweka sanduku chini ya kiti.

"Mna ubunifu jamani," alisema, akatoa simu. Alimpiga picha Baba na mtoto mbele ya mti, akampiga tena akiwa ameshika ua la magamba, akamwelekeza aangalie huku. Baba alitii kwa adabu. Alimwuliza wifi kama amesafiri salama na anatoka familia gani.

Tulikula pilau na kuku. Watu wote walikuwa wachangamfu. Binti yangu, aliyejaa fahari ya kazi yake, alimwambia kaka, "Mjomba, zile nyota ametengeneza Babu. Ni kama za binti yake aliyezama ziwani."

Kaka aliacha kutafuna. Hakuuliza binti yupi. Hakucheka wala hakusema kwamba Babu anasahau. Alimtazama mkewe, mkewe akatazama sahani. Hapo ndipo nilipojua.

Nilimwomba anisaidie kuhamisha tangi la maji nyuma ya nyumba. Tangi halikuhitaji kuhamishwa.

"Niambie," nilisema.

"Nilidhani umeshajua. Miaka yote hii, nilidhani Mama alikuambia."

"Niambie wewe."

Alisimama akishika mfuniko wa tangi. Alisema mwaka ule nilioondoka watu wa nyumbani Kagera walianza kuuliza. Shangazi alitaka kuja Mwanza kuniona, alikuwa amesikia nimemaliza chuo. Baba alikwenda kijijini mwenyewe, akamchukua na Mama. Alikaa mbele ya ukoo akasema binti yake amezama katika ziwa, mwili haukupatikana. Wakaweka matanga. Mchungaji akaja, ibada ikafanyika bila jeneza.

"Na Mama?"

"Alikaa kwenye mkeka na wanawake wenzake."

"Alilia?"

"Alilia kweli kweli. Hakuna aliyetilia shaka."

Nilihesabu moyoni. Mama alikuwa ametoka kwenye mkeka ule, amelia msiba wangu mbele ya watu, kisha amepanda basi mpaka Mwanza, akaja kukaa na mimi kwenye benchi la stendi na kunimenyea ndizi. Hakuwahi kusema. Ndiyo maana aliniangalia vile, akinishikashika mikono kama mtu anayehakikisha.

"Ndiyo sababu hukuniita kwenye mazishi yake," nilisema.

"Ningekuita vipi? Ungeshuka kwenye gari mbele ya watu wote wale. Wangekimbia. Baba angeweka wapi uso wake?"

"Na mimi je?"

"Alikuwa Baba. Ningefanya nini?"

"Ulikuwa mtu mzima una mke na mtoto. Ungesema dada yangu yuko Buhongwa, ukitaka kumwona panda gari."

Aliniambia samahani, na nadhani alimaanisha, lakini alikuwa akitazama saa yake.

"Mchukue," nilimwambia. "Ondoka naye leo."

"Usiongee kwa hasira."

"Mchukue baba yako. Mimi ni marehemu. Marehemu halei mgonjwa."

Wifi alikuwa ametoka, amesimama kwenye kona ya ukuta. Alisema kwa sauti ya kubembeleza kwamba mzee ameshazoea hapa, ukimhamisha atateseka, daktari ameonya asibadilishiwe mazingira. Alisema Mungu ataniona. Kabla ya saa kumi walikuwa wameshaondoka. Baba alikuwa amelala usingizi wa mchana na mdomo wazi, na sanduku la mipira lilibaki chini ya kiti.

Mume wangu aliponiuliza nimefikia wapi, nilimwambia sijui. Tungempeleka wapi? Nyumba ya Nyegezi ilikuwa imefungwa, na hata ingekuwa wazi, mtu asiyejua kuwasha jiko huwezi kumfungia ndani ukaondoka. Kwa hiyo alibaki. Lakini sikukaa naye tena kwenye mkeka. Nilimpikia, nikamwekea mezani, nikatoka. Mume wangu alimlisha siku ambazo mikono yake ilitetemeka. Hakunilaumu.

Kabla ya mwaka mpya mtoto alinifuata jikoni.

"Mama, ni wewe uliyezama?"

Sikutaka kumdanganya. Nyumba ya Nyegezi ilikuwa imeshadanganya vya kutosha. "Ndiyo."

"Kwa nini hukumwambia hujafa?"

"Anajua. Alikuwa anajua."

Alikwenda moja kwa moja kwa Baba. Niliwasikia. "Babu, binti yako hajafa. Ni mama yangu. Yule pale."

Baba aliniangalia kupitia mlangoni. Aliniangalia kwa makini, kama alivyokuwa akiangalia daftari la mwanafunzi. Kwa muda ule mfupi, najichukia kusema hivyo, nilisimama nikangoja.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Mama yako ni mtu mwema sana. Binti yangu alikuwa mkaidi."

Siku tuliyoshusha mti, nilizitoa nyota zake zote nikazipeleka jikoni. Magome makavu ya mgomba ni kiwashio kizuri. Niliziweka chini ya mkaa moja baada ya nyingine, na mkaa ukashika bila hata tone la mafuta ya taa. Binti yangu alikuta ya mwisho ikiungua. Hakulia. Aliniuliza tu, Babu akiulizia atamjibu nini. Nilimwambia hataulizia, na kweli hakuulizia. Aliendelea kutengeneza nyingine. Januari nzima, na Februari, alikunja nyota, na hakukuwa na mti wa kuzitundika, zikajaa kwenye kapu pembeni ya kitanda chake. Maua ya magamba niliyapeleka shuleni. Watoto wa darasa langu waliyatundika dirishani.

Wakati wa Pasaka nilipanda basi kwenda Kagera. Sikumwambia kaka. Nilifika kijijini mchana, watu wako mashambani, nikakuta shangazi anaanika maharage uani. Amezeeka, lakini niliyatambua mabega yake. Nilimwamkia. Aliitikia, kisha akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Usinisogelee," alisema.

Nilikaa chini pale pale, mbali naye, nikamwonyesha mikono yangu. Nilimweleza habari yote, ya mkata minofu, ya benchi la stendi, ya mtoto. Nilikunywa maji mbele yake ili aone yanashuka. Mwishowe alikuja akanigusa shavu kwa ncha ya vidole.

"Tulikulilia," alisema. "Nilinyoa nywele kwa ajili yako."

"Najua, Shangazi."

"Mama yako alikuwa anakaa pale." Alinionyesha pembe ya baraza. "Alikataa kula. Nilimlazimisha uji kwa mikono yangu. Kumbe alikuwa anajua uko hai?"

"Alikuwa anajua."

Alitingisha kichwa muda mrefu. Nilimwona hasira inampanda, nikadhani ni kwa ajili yangu. Lakini alichosema ni kwamba walimfanya mjinga, yeye na ukoo mzima, na mchungaji wa Mungu. Alisema afadhali nisingekuja. Sasa atawaambia nini watu? Atamwambia nani kwamba ibada ile ilikuwa ya bure?

Nilimwomba anionyeshe alipolala Mama. Alinipeleka, akasimama mbali katikati ya migomba akiniangalia. Kaburi lilikuwa na majani makavu mengi, nikayafagia kwa matawi. Nilitaka kumuuliza Mama alikaaje kwenye mkeka ule, na nilijua hata angekuwa hai nisingemuuliza. Nilikaa mpaka mvua ilipoanza, kisha nikaaga. Shangazi alinifungia kahawa kidogo kwenye jani, lakini hakunisindikiza mpaka barabarani. Alisema watu wanarudi kutoka mashambani.

Nilifika Buhongwa kesho yake. Mume wangu alikuwa amemnyoa Baba ndevu na kumtoa kibarazani kwenye jua la asubuhi. Nilimpita, kisha nikarudi, nikavuta kigoda nikakaa.

"Umetoka wapi, dada?" aliuliza.

"Kagera."

Uso wake ulichangamka. "Kagera? Huko kuna mvua?"

"Ipo. Nimeiacha inanyesha."

"Basi kahawa itachanua vizuri," alisema Baba, akafumba macho, akageuzia uso wake kwenye jua.